KOCHA NA NATI ZA GURUDUMU

Mwaka huu sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuliombwa tuandike kuhusu uongozi. Wengi wa wenzangu wamechagua marais na mashujaa wa ukombozi, nami siwalaumu. Mimi nimechagua kocha na fundi wa magari. Sababu ninazo mbili. Kwanza, mimi ni beki wa timu ya kandanda ya wasichana ya shule hii. Pili, babangu ni fundi katika gereji moja hapa mjini Nakuru. Jumamosi nisipokuwa na mechi humpelekea chakula cha mchana, na mara nyingi hubaki pale nikimshikia tochi akiwa amelala chini ya gari. Kwa hiyo timu mbili nimeziona kwa karibu, ile inayovaa jezi na ile inayovaa ovaroli.

Swali langu ni hili: kwa nini timu moja ikipatwa na shida huinuka na kusonga mbele, na nyingine husambaratika? Wengi watakujibu kwamba ni ukali wa kiongozi. Hata mimi niliamini hivyo. Siku hizi naona ya kwamba timu huvunjika pale ambapo mtu anaona hitilafu na anaogopa kuisema. Wahenga walilimaliza jambo hili kwa maneno manne tu: mficha maradhi kifo humuumbua.

Acha nianze na aibu yangu mwenyewe. Nikiwa Kidato cha Pili, siku ya Jumanne, nilitumbukia mtaroni nikirudi nyumbani. (Sisi wa shule ya kutwa tunazijua njia zetu, mvua ikinyesha huwezi kutofautisha mtaro na barabara.) Kifundo cha mguu wa kushoto kikateguka. Ijumaa tulikuwa na nusu fainali ya michezo ya kaunti ndogo. Nikafanya nini? Nikafunga kitambaa ndani ya soksi, nikanyamaza jii. Kipindi cha kwanza nilijikaza kisabuni. Kipindi cha pili winga wao akanipita kama mtu anayepita mlingoti wa simu, akapiga, kipa wetu akaruka bure. Tukatoka moja bila, safari yetu ikaishia hapo.

Baada ya mechi nilingoja kukaripiwa. Mwalimu wa michezo alikuja akaketi kando yangu kwenye nyasi, akautazama mguu uliokuwa umevimba kama andazi.

"Ulianza kuuma lini?" akauliza.

"Jumanne, Mwalimu."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna."

"Kwa nini?"

Sikutaka kujibu. Lakini machozi yalikuwa yamekaribia, na mtu aliye karibu na machozi husema kweli. Nikamwambia kwamba muhula uliotangulia mwenzetu mmoja alisema goti linamuuma, akaitwa mgonjwa wa mitihani mbele ya timu nzima, na jezi yake akapewa mwingine. Hakuipata tena. Mwalimu akakaa kimya kitambo kirefu. Mwishowe akasema, "Basi bao lile tulifungwa wawili, wewe na mimi." Kisha akaenda kupanga watu kwenye basi.

Msomaji, sijui kama unaelewa uzito wa neno hilo. Mwalimu kumwambia mwanafunzi kwamba kosa ni lao wawili! Lakini maneno peke yake ni upepo, na ndiyo maana nataka kueleza alichofanya muhula uliofuata. Kila zoezi tulianza kwa kuketi katika duara. Kila mmoja alisema hali yake: nimelala vizuri, nyonga inavuta, jana sikula, nina wasiwasi na mtihani wa Kemia. Aliyesema ana jeraha hakunyang'anywa namba yake ya jezi. Aliketi karibu na Mwalimu siku ya mechi akiwa na daftari, na kazi yake ilikuwa kumwangalia winga mmoja wa wapinzani na kutuambia wakati wa mapumziko anapenda kupita upande gani. Kumbe mgonjwa naye alikuwa na kazi! Wiki mbili za kwanza tulicheka na kuona haya. Wiki ya tatu nahodha wetu, ambaye hatujawahi kumwona akilalamika, alisema mgongo unamsumbua tangu mwezi uliopita. Hapo ndipo duara lilipoanza kuwa duara kweli.

Jambo la pili alilobadilisha ni kazi ndogondogo. Kubeba mipira, kufunga nyavu, kufua jezi, yote yaliwekwa kwa zamu, nahodha akiwemo. Tuliponung'unika alituhadithia habari za Kaptagat.

Kaptagat iko kwenye nyanda za juu kuelekea Eldoret, na ndipo ilipo kambi ya wanariadha wanaofundishwa na Patrick Sang. Bwana Sang mwenyewe alikuwa mkimbiaji wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Alipata nishani ya fedha katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, nyuma ya Mkenya mwenzake Matthew Birir. Alisomea pia Chuo Kikuu cha Texas kule Marekani. Mwaka 2001 kijana wa miaka 16 kutoka Nandi alimwendea akiomba programu ya mazoezi, akaifanya, akarudi kuomba nyingine, akarudi tena. Kijana huyo ni Eliud Kipchoge. Umri wake ndio umri wangu leo, nami bado sijamwendea mtu yeyote kuomba chochote ila nauli.

Sasa, katika kambi ile wanariadha huishi pamoja siku za wiki na kugawana kazi za nyumba. Kipchoge, bingwa wa Olimpiki wa mbio za marathoni mwaka 2016 huko Rio na tena mwaka 2021 huko Japani, mtu mwenye mali yake, alikuwa akishika zamu ya kusafisha vyoo kama kijana aliyefika jana. Nilipoyasikia haya mara ya kwanza niliyachukua kama mahubiri ya unyenyekevu, na mahubiri tunayapata ya kutosha kwenye gwaride. Baadaye nikaona faida nyingine. Ukiosha sufuria na mtu kila jioni utajua mapema kwamba leo hayuko sawa. Utamwona anavyochechemea akibeba ndoo kabla hajachechemea uwanjani. Na yeye hataona haya kukuambia, kwa sababu wewe si mfalme, wewe ni mtu aliyemwona akikosa chumvi kwenye mboga.

Tarehe 12 Oktoba 2019, kule Vienna, Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuandikwa kama rekodi rasmi ya dunia, kwa kuwa waliomsaidia kuweka kasi walikuwa wakipokezana njiani. Lakini mimi kupokezana huko ndiko kunakonivutia! Walikuwa wakimbiaji 41, wote hodari, kutoka Kenya na nchi nyingine. Walikimbia kwa vikundi, watano mbele yake kwa umbo la V na wawili nyuma. Baada ya kipande cha njia kikundi kimoja kilitoka na kingine kikaingia bila kuvuruga mwendo. Hakuna kati ya wale 41 aliyepangiwa kukimbia tangu mwanzo hadi mwisho. Waliopanga walijua tangu awali kwamba watu huchoka, wakautengea uchovu nafasi yake kwenye mpango. Hebu linganisha na mahali pa kazi ambapo mtu akisema amechoka anaulizwa kama anataka kazi au hataki.

Si Kipchoge pekee. Faith Kipyegon ni wa kaunti yetu hii ya Nakuru. Amekulia Keringet kule Kuresoi, ukipenda panda matatu uende ukaone. Alishinda mita 1,500 katika Olimpiki ya mwaka 2016. Juni 2018 akajifungua binti. Wako waliodhani mambo yamekwisha. Akarudi mwaka 2019, akaingia katika kundi la Bwana Sang, akapata fedha katika mashindano ya dunia ya Doha mwaka huohuo, kisha dhahabu ya Olimpiki mwaka 2021 na nyingine mwaka 2024. Mwaka 2023 pekee alivunja rekodi za dunia za mita 1,500, mita 5,000 na maili moja, zote ndani ya miezi miwili. Ninapolitazama jambo hili huwafikiria akina mama wa mtaani kwetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili na haki ya kurudi kwenye kazi yake. Lakini kurudi kwenye kiti ni jambo moja, na kukuta watu wanaokungojea upate nguvu tena ni jambo jingine.

Sasa twende gereji, maana huko ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Huenda wewe hujawahi kufunga gurudumu. Gari likiwa juu ya jeki, nati huanza kuzungushwa kwa mkono. Kisha unazikaza kidogo kwa spana, si kwa kufuatana bali kwa kuruka, hii kisha ile inayoikabili, ili gurudumu likae sawasawa. Halafu unaliteremsha gari chini, na hapo ndipo unapozikaza kabisa, kwa sababu gurudumu haliwezi tena kuzunguka. Hatua hii ya mwisho haichukui hata dakika mbili.

Siku moja mwaka jana kijana mwanagenzi, wa miaka kumi na tisa hivi, alikuwa amefunga gurudumu la nyuma la matatu ya abiria 14. Ameliteremsha chini, spana iko mkononi, mara msimamizi akamwita kwa ukali aende akashike injini iliyokuwa ikishushwa. Alikimbia. Aliporudi matatu haikuwepo. Dereva alikuwa amelipa na kwenda stendi kupakia abiria wa Eldoret.

Kijana alijua. Nataka ulishike hilo, msomaji. Hakusahau, hakuwa mzembe, alijua kwamba nati zile hazikukazwa. Lakini gereji ile ina sheria: kosa lolote hukatwa kwenye mshahara, na kabla ya kukatwa kwanza utatukanwa mbele ya wateja. Mwezi uliotangulia alikuwa amekatwa pesa za kioo cha pembeni kilichovunjika. Basi akasimama, akashika kazi nyingine, akitumaini eti pengine zitashika. Karibu saa nzima ikapita. Ndipo akamwendea babangu na kumnong'oneza.

Babangu hakuuliza mengi. Alitafuta namba ya dereva, akapiga, haikushikwa, akapiga tena. Dereva alikuwa amefika karibu na Salgaa na alikuwa ameshaanza kusikia gari likitikisika upande wa nyuma, akidhani ni barabara. Alisimama kando. Nati mbili hazikuwepo tena, na nyingine zilizungushwa kwa vidole. Barabara ile kila mtu wa Nakuru anaijua. Salgaa, Sachangwan, Migaa ni majina tuliyoyasikia katika habari za ajali tangu utotoni. Abiria 14 walishuka, wakasimama majanini, wakalalamika kwamba wamecheleweshwa.

Jioni ileile kijana alifukuzwa kazi.

Tangu siku hiyo hakuna mtu katika gereji ile aliyetoa taarifa ya kosa lolote. Hata moja. Mdosi anafurahi sana. Anawaambia wateja kwamba alitoa funzo moja na makosa yakaisha.

Nilimweleza mwalimu wetu wa Biashara habari hii bila kutaja gereji, naye akanionyesha jambo ambalo lilinishangaza. Mwaka 1996 mtafiti mmoja wa Marekani, Amy Edmondson, alichapisha utafiti kuhusu makosa ya kuwapa wagonjwa dawa hospitalini. Alitarajia kwamba vikundi vya wauguzi vyenye uongozi mzuri vingekuwa na makosa machache. Akakuta kinyume chake: vikundi vizuri ndivyo vilivyoandikisha makosa mengi zaidi! Alipochunguza akaona kwamba hawakuwa wakikosea zaidi ya wengine. Walikuwa wakisema zaidi. Kwa wale wengine makosa yalikuwepo, ila yalikuwa yamezikwa. Kwa hiyo mdosi anaposema makosa yameisha, mimi husikia kwamba yameanza kuzikwa.

Nami nitaongeza mfano wa magari yenyewe, kwa kuwa nusu ya matatu za Nakuru zimeandikwa Toyota. Katika viwanda vya kampuni hiyo huko Japani, kwa miaka mingi palikuwa na kamba iliyopita juu ya mstari wa kuunganisha magari. Mfanyakazi yeyote, hata mgeni, akiona hitilafu aliivuta. Kiongozi wa kikundi alikuja mbio kusaidia, na tatizo lisipotatuliwa upesi mstari ulisimama. Hebu fikiri gharama ya kusimamisha kiwanda kizima kwa ajili ya skrubu moja! Waliona gharama ya kunyamaza ni kubwa kuliko hiyo.

Hapa lazima nikiri kwamba uwanja na kazi havifanani kwa kila kitu. Mimi nikisema mguu unauma, hasara yangu kubwa ni jezi. Yule kijana akisema amekosea, hasara yake ni kodi ya chumba na unga wa wadogo zake. Ndiyo maana naona kiongozi wa kazini ana mzigo mzito kuliko kocha. Hawezi kuwaambia watu "semeni, msiogope" kisha sheria ya makato ibaki palepale ukutani. Hata Mwalimu wetu hakutuambia tuwe jasiri. Alibadilisha kinachompata anayesema. Na siwezi kudai kwamba ukali haufai kamwe. Mwalimu ni mkali kama pilipili kwa anayechelewa mazoezi na kwa anayemcheka mwenzake katika duara. Ila aliyesema ukweli hamgusi.

Jambo jingine ni kwamba mdosi wa gereji alikuwa fundi hodari kuliko wote, ndiyo maana hulka yake ni kutoa majibu wala si kuuliza. Nilimfikiria Bruda Colm O'Connell, yule Mwairishi aliyefika Iten mwaka 1976 kufundisha Jiografia katika shule ya St. Patrick's. Hakuja kama kocha wa riadha. Ilimbidi atazame na awaulize wanafunzi wake. Mmoja wao, Peter Rono, alipata dhahabu ya mita 1,500 mwaka 1988 kule Seoul, na baadaye akamkuza David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012. Pengine kutojua kwake mwanzoni kulimsaidia.

Kuna swali nililomuuliza babangu jioni ile ya kufukuzwa kwa kijana. "Baba, wewe ndiye uliyeambiwa. Mbona hukumtetea?" Alinawa mikono muda mrefu, unajua mafuta ya gari hayatoki haraka. Akasema, "Nina ninyi watatu shuleni." Sikuuliza tena. Lakini usiku nilimsikia akimwambia mama kwamba kijana yule aliokoa watu 14 na malipo yake yakawa kufukuzwa.

Wiki chache baadaye nilimsimulia habari za duara letu, zile za jezi na daftari. Alicheka kidogo. Nilidhani amesahau. Jumamosi moja nikakuta mambo mageni upande wake wa gereji. Kila gurudumu likishakazwa, fundi wa pili hupita na spana, hukagua, kisha huchora mstari mdogo wa chaki nyeupe juu ya kila nati. Gari lisilo na chaki haliendi. Hata magurudumu aliyoyafunga babangu mwenyewe hukaguliwa, na anayeyakagua ni mwanagenzi mpya. Na wakati wa chai ya saa nne babangu huanza yeye kusema alichokosea wiki hiyo. Siku nilipokuwepo alisema alitia mafuta ya breki kupita kiasi kwenye gari la mteja mmoja, ikambidi ayapunguze. Wanagenzi walitazamana. Mmoja akataka kucheka, akajizuia.

Sijui yule kijana wa kwanza aliambiwa nini na watu wake. Nilimwona mara moja karibu na soko akiuza soksi na vitana, akaniuliza mzee hajambo.

Mdosi ameziona alama za chaki. Aliuliza ni za nini, babangu akamweleza kwa maneno machache bila kutaja siku ile. Hakusema ndiyo wala hapana, akaingia ofisini mwake. Ile sheria ya makato bado iko ukutani, nimeisoma juzi. Lakini chaki ilipoisha, babangu aniambia, mdosi alitoa pesa mfukoni akamtuma mwanagenzi akanunue pakiti nyingine.